Oili ya gia niliyoshauriwa vibaya, na jinsi ninavyochagua vilainishi na spea za gari langu la mwaka 1996

Gari langu ni la mwaka 1996, lina injini ya petroli ya silinda nne na giaboksi ya kuingiza kwa mkono, na kwa miaka sita sasa sijalipeleka kwa fundi kwa ajili ya sevisi ya kawaida. Limeshapita kilomita 280,000 na injini yake haijawahi kufunguliwa. Ninalisema hilo kwa fahari, kwa sababu katika muda wote huo watu wengi, wakiwemo wauza spea, wameniambia kwamba gari likishazeeka halichagui: oili ni oili, kulanti (kimiminika cha kupozea injini) ni kulanti, na plagi yoyote inayoingia kwenye tundu ni plagi yake. Ushauri wa namna hiyo niliufuata mara moja tu, kwenye giaboksi, na nilijutia.

Kitabu cha gari kinataka oili ya gia 75W-90 ya daraja la GL-4. Siku niliyokwenda kununua ilikuwepo GL-5 peke yake, na muuzaji akanihakikishia kwamba tano ni kubwa kuliko nne, kwa hiyo nilikuwa ninapata kitu bora kuliko kilichoandikwa kitabuni. Hoja hiyo iliniingia akilini, nikanunua na kumimina. Baada ya wiki chache, kila niliporudisha gia kutoka ya tatu kwenda ya pili, mkono wangu ulihisi mkwaruzo kwenye wenzo wa gia, kwanza hafifu, kisha wa kusikika hadi kwa abiria. Nilidhani ni klachi. Nikarekebisha kebo yake, hali ikabaki vile vile. Nikabadilisha bushi za wenzo wa gia, wenzo ukaacha kuchezacheza lakini mkwaruzo haukuondoka. Fedha niliyotumia kwenye mambo hayo mawili ingenunua oili sahihi mara kadhaa.

Miezi miwili ilipotimia niliamua kuimwaga ile oili ndani ya beseni jeupe, juani, ili niitazame vizuri. Kwenye bolti ya kumwagia, ambayo ina sumaku nchani, palikuwa na tope jembamba la chuma, kama ilivyo kawaida ya giaboksi yenye umri. Kilichonishtua kilikuwa ndani ya beseni: nilipoliinamisha, oili ilimetameta kwa chembe za rangi ya dhahabu, na nilipopitisha sumaku juu yake hazikusogea hata kidogo. Hiyo ilikuwa shaba. Ndani ya giaboksi za aina hii kuna pete za shaba ambazo hukamata gia na kuisawazisha mwendo kabla haijaingia, na pete hizo zinahitaji msuguano kiasi ili zifanye kazi. GL-5 imetengenezwa hasa kwa ajili ya difu, yaani gia zinazogawa nguvu kwa magurudumu, ambako meno ya gia husagana kwa mkandamizo mkubwa sana, na kwa sababu hiyo hutiwa viambato vingi vya salfa na fosforasi. Viambato hivyo huweza kuzifanya pete ziteleze mahali pa kukamata, na baadhi huishambulia shaba yenyewe. Tano na nne, kwa hiyo, si ngazi za ubora. Ni kazi mbili tofauti, na oili ya difu ibaki kwenye difu.

Kuirudishia GL-4 kulihitaji ujanja, kwa kuwa tundu la kujazia liko ubavuni mwa giaboksi, mahali ambapo chupa haiwezi kuinamishwa. Mara ya kwanza nililala chini ya gari nikibinya chupa kwa mkono, na robo ya oili iliishia kwenye kiwiko changu. Safari hii nilifungua kwanza bolti ya kujazia kabla ya kugusa ile ya kumwagia, na ninamsihi kila mtu afanye hivyo, maana giaboksi iliyomwagwa huku bolti yake ya kujazia ikiwa imegoma kufunguka hulifanya gari lisiondoke hapo lilipo. Kisha nikaiweka chupa ya oili ndani ya ndoo ya maji ya moto kwa muda wa kutosha hadi ikawa nyepesi, nikapitisha mpira wa mita moja na nusu kutoka chini ya boneti hadi kwenye tundu, na juu yake nikachomeka faneli. Oili ilishuka yenyewe taratibu nikiwa nimesimama wima, na gari likiwa limekaa sawasawa juu ya stendi zote nne, nilijua imetosha pale ilipoanza kuchuruzika kutoka tunduni.

Kwenye oili ya injini sikuyumba, ingawa shinikizo lilikuwa kubwa zaidi. Karibu kila mtu aliniambia niweke 20W-50 kwa sababu injini ni kuukuu. Namba iliyo kabla ya W hueleza jinsi oili inavyotiririka kwenye baridi, na namba ya pili hueleza uzito wake injini ikishapata moto, kipimo kinachochukuliwa kwenye nyuzi joto 100 za Selsiasi. Injini yangu hainywi oili wala haitoi moshi wa bluu, hivyo sikuona sababu ya kuilazimisha pampu isukume kitu kizito kila asubuhi. Ninatumia 10W-30, ambayo imo kwenye jedwali la kitabu. Kuhusu daraja la ubora wa oili ya injini, kitabu kinataja SH, ambalo sasa ni la zamani. Madaraja yaliyofuata, kama SN la mwaka 2010 na SP la mwaka 2020, yanakubalika mahali pake.

Filta ya oili huwa siinunui kabla ya kulinganisha nyuzi zake za kufungia (kama za bolti) na za ile iliyotoka. Kuna filta zenye uzi wa milimita 20 na nyingine zenye uzi wa robo tatu ya inchi, na kwa macho zinafanana kabisa. Isiyo yake hukubali mizunguko michache kisha ikakwama, au ikakaa kwa kulegea na kutema oili. Gasketi ya filta ya zamani nayo hupenda kubaki imeng'ang'ania kwenye injini, kwa hiyo ninaitafuta kwa kidole kila mara.

Plagi zina mtego wa namna yake. Kwa NGK na Denso, namba ya joto ikipanda plagi inakuwa baridi zaidi, yaani hupoteza joto haraka zaidi, lakini kwa Bosch mpangilio ni kinyume chake. Anayebadilisha kampuni akifuata namba peke yake atakosea. Mimi hutumia namba kamili iliyoandikwa kitabuni, na hupima nafasi ya ncha, ambayo kwa injini yangu ni milimita 0.8, hata kama boksi linasema imeshapimwa.

Rangi ya kulanti haimaanishi lolote la uhakika, kwa kuwa watengenezaji hawafungwi na kanuni moja ya rangi, na kijani mbili zinaweza kuwa na kemia tofauti. Nilisafisha rejeta mpaka maji yakatoka meupe, kisha nikaweka aina moja, nusu kwa nusu na maji yaliyotoneshwa, na siongezi nyingine juu yake.

Mafuta ya breki ninanunua kwenye chupa ndogo, kwa sababu chupa ikishafunguliwa huanza kunyonya unyevu wa hewani. Kiwango cha chini cha kuchemka cha DOT 3 mpya (DOT ni daraja la mafuta ya breki) ni nyuzi joto 205, na yakishanyonya maji hushuka hadi 140. Kwa DOT 4 ni 230 na 155. Kitabu changu kinataja DOT 3, nami ninaweka DOT 4 kwa kuwa zinachanganyika. DOT 5 siigusi, kwani ni ya silikoni na haichanganyiki na hizo, ingawa DOT 5.1 ni ya jamii yao.

Gia ya pili sasa inaingia kimya, isipokuwa asubuhi za baridi katika kilomita ya kwanza, ambapo bado ninalazimika kukanyaga klachi mara mbili. Shaba iliyobaki kwenye lile beseni haikurudi.