Siku moja maishani mwangu: mimi na Johari, Bagamoyo

Saa 11 kasoro alfajiri. Kabla sijamwekea farasi Johari pumba, naweka sikio ubavuni mwake, kulia kisha kushoto. Tumbo linanguruma, alhamdulillahi. Farasi hawezi kutapika. Tumbo likimsokota unaweza kumpoteza kabla daktari wa mifugo hajafika. Mwaka juzi nilikesha nikimtembeza mmoja mpaka kukapambazuka, na tangu siku ile siruki hatua hii.

Saa 12. Kwato. Namwinua mguu mmoja mmoja, nakwangua mchanga, nanusa. Harufu ya uozo ikinijia, leo hapandwi.

Saa 3. Siku hizi ni za bamvua, maji yanapwa mbali, na mchanga ulioachwa ni mgumu na tambarare. Nachora uwanja kwa kisigino: mita 60 kwa 20, na pembeni herufi za kuonyesha kila kitendo kifanyikie wapi. Madau yamelala ubavu. Wavuvi wameshanizoea.

Hapa ndipo moyo wangu ulipo. Watu wanapenda kuona farasi akiruka. Dresaji, yaani farasi kufanya miondoko kwa utii na ustadi, wanaiona kama kuzungukazunguka. Lakini majaji hutoa alama 0 hadi 10 kwa kila kitendo, hata kusimama. Desemba 2014, jijini London, Mwingereza Charlotte Dujardin na farasi Valegro walipata asilimia 94.3 kwenye dresaji ya muziki. Mimi leo nimetumia dakika arobaini kwenye kusimama tu. Mguu wa nyuma wa kushoto wa Johari hubaki nyuma. Natoka kwenye matiti, ule mwendo wa mchakamchaka, nakaza kiuno, navuta pumzi, namgusa kidogo kwa shavu la mguu. Bado. Tena. Bado. Mara ya kumi na kitu akasimama miguu minne sawasawa kama meza, masikio yakinielekea mimi. Nikamwachia hatamu zote ashushe shingo.

Saa 4 na nusu. Viunzi vitatu vya miti ya mivinje, kimo cha mita moja. Olimpiki huzidi mita moja na nusu. Cha kwanza safi. Cha pili nikainama mapema, naye akaharakisha, mti ukaanguka. Mashindanoni hizo ni pointi nne za adhabu.

"Umemtangulia, mwanangu," akasema mzee saisi wetu, mtunza farasi. "Msubiri akunyanyue yeye."

Nikarudia nikihesabu hatua kimoyomoyo. Tukapita.

Mchana ni kuoga, kivuli na majani.

Saa 10 bahari imeshafunika uwanja wangu.

Saa 11 na nusu farasi wote wamo bandani, jua halijazama. Usubi huanza kuuma magharibi, na ndio wanaoeneza ugonjwa wa farasi wa Afrika, unaoua kwa siku chache. Nafukiza makumbi, nakagua chandarua, nashona tundu la upana wa kidole.

"Kesho maji yanapwa saa ngapi?" mzee ananiuliza.

"Karibu saa tano, babu."

"Basi tutaanza na kile kiunzi cha pili."

Namwambia hapana, tutaanza na kusimama.