Mkungu alioutegemeza mama

Mama yetu alitutoka katikati ya Oktoba. Desemba ilipoingia na Moshi ikaanza kujaa watu wanaotoka Dar kuja kula sikukuu, mimi nilitamani mwezi upite haraka. Hata swali la kawaida la majirani, "Mnapanda lini nyumbani?", lilikuwa linanichoma. Kaka zangu wakasema mwaka huu hakuna kuchinja, kila mtu abaki kwake. Nikakubali, halafu usiku nikalia hadi watoto wakaamka.

Tarehe 22 nilipanda Uru kufyeka kaburini. Mama tulimzika kihambani, yaani kwenye shamba la nyumbani, hatua chache kutoka migomba yake. Mmoja, wa mshare, ulikuwa umeinama kwa uzito wa mkungu, umetegemezwa kwa mti wenye panda. Mti ule aliuweka mama mwenyewe kabla hajalazwa. Nilisimama pale muda mrefu. Ndizi zilikuwa zimekomaa, na zikiachwa ziivie mgombani huliwa na ndege. Nikakumbuka kwamba mama akisikia kuna mzazi kijijini, awe wa ukoo wetu au wa kuhamia, lazima ampelekee mtori, ile supu nzito ya ndizi na nyama. Kwetu Wachagga, kwa desturi, mwanamke akijifungua hutunzwa ndani miezi mitatu, na mtori ndio chakula chake. Nikaukata ule mkungu.

Sh60,000 nilizoweka kwa nguo za watoto ndizo zilizonunua nyama ya mifupa, maziwa na vikombe. Niliwaomba kwanza. Mkubwa alikubali palepale, mdogo akanuna hadi jioni.

Kabla ya kuwasha moto nilienda hospitali kuomba ruhusa ya kuwapelekea wazazi mtori, na nashukuru nilifanya hivyo. Muuguzi wa wodi ya wazazi alinieleza jambo ambalo sikulifikiria: aliyejifungua kwa upasuaji hali chakula mpaka aruhusiwe, na huanza na vya majimaji. "Pika mwepesi," akasema, "na usimpe mtu kabla hujaniuliza."

Siku ya Krismasi niliamka saa tisa usiku. Nilichemsha mifupa kwa kitunguu na chumvi hadi nyama ikaachia yenyewe. Ndizi nikazimenya, nikazitia kwenye supu ileile, zilipolainika nikaziponda kwa mwiko wa mama, ule uliolika upande mmoja kwa miaka mingi ya kugusa sufuria. Nyama nikaichambua nyuzinyuzi, nikairudisha. Mwanzoni mtori ulikuwa mzito mno. Nikaongeza supu na maziwa kidogo kidogo mpaka ukawa unamiminika.

Saa ya kuona wagonjwa ilipofika, wodi ilijaa ndugu na hotipoti zao. Kitanda cha pembeni alikuwepo binti mmoja asiye na mtu. Mume yuko machimboni Mererani, ndugu zake wako Kondoa. Muuguzi akanipa ishara kuwa huyu anaruhusiwa.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Hongera sana."

Nikammiminia. Akaunusa, akauliza kama ni uji. Nikamwambia ni mtori, chakula cha mzazi. Alitaka kupokea kikombe lakini mikono ilikuwa na mtoto. "Naomba unishikie, mama."

Mtoto alikuwa amezaliwa alfajiri hiyo. Kitenge cha bluu, uso umekunjamana, ngumi moja imetoka nje, na pumzi za harakaharaka. Joto lake lilipenya gauni langu hadi kifuani. Mama yake alipuliza, akanywa, akapuliza tena, hasemi neno, mpaka kikombe kikaisha. Akaninyooshea.

"Umebaki?"

Nilicheka. Kicheko cha kwanza tangu msiba, na machozi yakatoka papo hapo, wala sikuyafuta kwa kuwa mikono yangu ilikuwa na mtoto.

Tuligawa vikombe kumi na vinne. Jioni nikampigia kaka yangu wa Dar.

"Mkungu upi?" akauliza.

"Ule alioutegemeza mama."

Akanyamaza, nikasikia tu anavuta pumzi. Kisha akauliza, "Na ule mgomba wa karibu na mfereji?"

"Umetoa ua."

"Basi usiukate. Nakuja Pasaka, tutaukata pamoja."