Kikao cha wazazi tulikihamishia maji mafu

Miaka yote kikao cha wazazi skulini kwetu kikiitwa saa nne asubuhi. Aliyepanga saa hiyo bila shaka hajapata kulima mwani. Huku kwetu, wilaya ya Micheweni, kaskazini ya Pemba, bamvu, zile siku maji yanapojaa na kutoka sana, likikaza bahari hukauka kiasi cha saa hiyohiyo, na ndizo siku chache ambazo mama anaweza kushuka pwani akafunga mbegu, akavuna, akarudi kabla maji hayajamfika kiunoni. Akikosa bamvu hilo, asubiri jengine. Baba naye yuko dago, kambi ya wavuvi mbali na nyumbani, au kenda kuchuma karafuu upande wa magharibi. Halafu mwalimu anasimama mbele ya mabenchi matupu, anasema wazazi wa hapa hawajali elimu.

Mimi kwenye kamati ya skuli nilitiwa kwa sababu ilitakiwa mwanamke. Hakuna aliyenificha. Mwenyekiti mzee wa hapahapa, katibu ni mwalimu mkuu mwenyewe, waliobaki wanaume wanaojua kusema. Nami wakanipa kiti karibu na mlango.

Kabla sijafungua mdomo kikaoni nilianza kuwauliza kina mama kule pwani, tukiwa tumeinama kwenye kamba: mbona hamwendi skuli mkiitwa? Bi mmoja mtu mzima akanijibu bila kuinua kichwa: "Mwanangu, elimu si bure tokea Karume? Sasa wakiniita wanataka nini kama si pesa?" Hesabu yake ilikuwa sawa. Elimu bila malipo Zanzibar ilitangazwa na Rais Karume tarehe 23 Septemba 1964, na siku hiyo inaadhimishwa kila mwaka. Watoto wetu wanaijua na sisi tunaijua. Lakini barua za skuli zilikuwa zikija kwa mambo mawili tu, mchango au mtoto kufanya fujo. Nani atakimbilia huko?

Kwa mwalimu mkuu nilikwenda na kalenda ya miezi ya Kiislamu. Kila mwezi nilitia alama kuanzia tarehe saba hadi kumi, tena ishirini na moja hadi ishirini na nne. Hayo ndiyo maji mafu, bahari haikauki sana, hapana wa kwenda kwenye mwani. Nikamwomba kikao kiwe ndani ya siku hizo, saa kumi, watu wakishasali alasiri. Yeye si mtu wa pwani. Akacheka: "Bi, skuli haiendeshwi kwa maji." Nikamwambia kweli, Mwalimu, lakini wazazi wanaendeshwa nayo. Akakubali tujaribu mara moja.

La pili nililoomba lilikuwa zito zaidi: tusikae wote pamoja uwanjani tukihutubiwa. Kila mzazi aingie darasa la mwanawe, akae dawati la mwanawe. Kila darasa lichague wazazi wawili wa kulisemea, mmoja mwanamke, na wachaguliwe na wenzao, si na kamati. Na barua isiandikwe kwa jina la baba peke yake. Watoto wangapi hapa wanalelewa na bibi au shangazi, na jina lililo kwenye rejista ni la mtu aliyeko Tanga?

Siku ile darasa la tatu lilijaa hadi wengine wakasimama madirishani. Mama mmoja alifungua daftari la hesabu la mwanawe, akalipekua polepole mpaka mwisho, kisha akarudi nyuma. "Mwalimu," alisema, "kusoma sikusoma, lakini alama ya vema naijua. Hii ya mwisho ni ya kabla ya Ramadhani. Tokea hapo mwanangu hapati, au hajasahihishiwa?" Kimya kikaingia. Nikadhani sasa tutagombana. Yule mwalimu, kijana tu, akasema kweli: watoto wamepita mia darasani, na mchana ana darasa jengine. Wengi wetu hatukuwa tukilijua hilo. Tulijua amekuja na ameondoka, basi.

Hapo ndipo nilipoona faida ya kukaa darasa kwa darasa. Uwanjani mama yule asingesema, na mwalimu asingekiri. Wakakubaliana hapohapo asahihishe kwa mafungu, kila siku safu mbili za madawati, na mzazi anayetaka kuangalia aangalie siku ya safu yake. Kamati nayo ikamwandikia afisa elimu wa wilaya kuomba mwalimu, muhtasari wa kikao ukiambatanishwa. Mwalimu alikuja mwaka uliofuata. Siwezi kusema ni barua yetu iliyomleta.

Mambo mengine yalikwenda haraka. Wanaume walikuwa wakizungumzia uzio wa skuli; kina mama walitaja mlango wa choo cha wasichana, ambao haukuwepo. Fundi alipatikana wiki ileile. Tukichanga, ni hiari, na hesabu inaandikwa kwa chaki kwenye ubao ulio nje ya ofisi, kilichoingia na kilichotoka. Ubao huo umenyamazisha maneno mengi.

Kwa walioko dago, mmoja wetu hurikodi muhtasari kwa sauti na kuutuma kwa WhatsApp. Baba mmoja aliyeko ng'ambo hujibu kwa urefu kuliko majirani wanaoishi nyuma ya skuli, na mara nyingi maneno yake yana maana, ingawa anapenda kupiga kelele.

Kama wewe umechaguliwa kuwasemea wenzako, kazi iko kabla na baada ya kikao. Mimi hupita pwani na kisimani kuuliza wanataka nisemee nini, nikitoka hurudi kulekule kueleza nilijibiwa nini, hata kama nilikataliwa. Nikikaa nalo jibu wiki moja tu, hao wanaanza kusema nimeshakuwa mtu wa skuli.

Linalotusumbua sasa ni mkondo wa mchana, wale wanaosoma zamu ya pili. Watoto wanatoka skuli wakati wenzao wako chuoni wakisoma Kurani, na wakifika chuoni wanapigwa kwa kuchelewa. Tuliwaalika maalim wawili kikao kilichopita. Mmoja amekubali kuwasomesha asubuhi, baada ya jua kuchomoza. Wa pili anasema asubuhi ana shamba lake, na mwenyekiti atakwenda kwake tena Ijumaa.