Maji ya pili

Kwa muda mrefu nilikuwa nakunywa oolong, chai iliyo kati ya ya kijani na nyeusi, mara moja tu, kisha majani yanaenda kumwagwa. Namimina maji, nasubiri dakika tatu, nakunywa, yamekwisha. Siku moja naosha buli, vidole vikagusa jani lililokuwa bado limejikunja nusu nzima. Nikalifungua taratibu. Ndani lilikuwa bichi na bado linanukia maua. Nikaangalia rundo lililobaki, mengi yalikuwa hivyohivyo. Iliniuma kweli, nikihesabu ni mara ngapi nimemwaga chai ambayo haijatoka bado.

Oolong ninayoipenda ni Tieguanyin, ya Anxi, jimbo la Fujian, China. Ukiitazama kavu ni vipunje vigumu vya kijani iliyokolea, vidogo kama mbaazi. Kila kipunje ni jani zima, mara nyingine mawili matatu na kikonyo chake, limeviringishwa likakazwa. Maji yanaanza kuingia nje, ndani yanachelewa. Ndiyo sababu maji ya kwanza yanayomiminwa juu ya majani huwa mepesi, yana harufu nzuri lakini mdomoni hayana uzito. Maji ya pili ndiyo ninayoyasubiri. Jani limeshalegea, chai inatoka nzito, laini, na utamu wake unabaki kooni hata baada ya kumeza.

Vipimo vyangu ni hivi: majani gramu 5 kwenye buli dogo la mililita 120, maji ya nyuzi kama 95. Ya kwanza sekunde 20. Ya pili napunguza hadi 15, kwa sababu majani yameshafunguka na yanatoa haraka. Ya tatu 20, ya nne 30, na kuanzia hapo naongeza kila mara. Ya sita inafika dakika nzima, ya saba mbili au tatu. Ukitumia buli kubwa na majani kidogo kwa dakika nyingi, utapata maji mawili, labda matatu, kwa kuwa umeshachukua karibu kila kitu mwanzoni.

Lakini kuliko sekunde zote hizo, jambo la kushika ni kumimina mpaka tone la mwisho. Maji yakibaki chini ya buli, majani yanaendelea kutoa, na kikombe kinachofuata kinakuja kichungu cha kukausha ulimi. Mimi nikishamimina naacha na kifuniko wazi, majani yapumue, yasiendelee kuiva kwa mvuke wake.

Chai za CTC (kifupi cha Kiingereza cha kuponda, kuchana na kukunja), zile punje ndogondogo zinazosagwa kwa mashine za rola zenye meno, usizilazimishe maji ya pili. Utaratibu huo ulianzia Assam, India, miaka ya 1930, na punje zake zimekatwakatwa kiasi kwamba zinatoa rangi na ukali kwa mkupuo mmoja. Maji ya pili yake ni rangi tu. Chai ya kijani ya majani mazima inakubali mara mbili hadi tatu, maji yasizidi nyuzi 80. Pu'er, chai ya China inayochachushwa, ndiyo yenye subira kuliko zote: maji yanayochemka kabisa, suuza ya haraka unaimwaga, halafu inaweza kwenda hata mara kumi.

Kuna wanaosema ukimwaga maji ya sekunde 30 za kwanza umeondoa kafeini yote. Si kweli. Kafeini inatoka kidogo kidogo kwa dakika kadhaa, na nusu dakika inachukua sehemu tu. Ninachofanya mimi ni kunywa maji ya mwanzo asubuhi, yale ya mwishomwisho nawaachia wenye usingizi mwepesi.

Kosa moja sitalirudia. Niliacha majani yaliyolowa ndani ya buli lililofunikwa usiku kucha, nikitaka kuendelea nayo kesho. Nilipofunua, harufu ilikuwa chachu na majani yanateleza. Majani yenye unyevu na joto ni mahali pazuri sana pa kuvu na bakteria, na maji ya moto ya asubuhi hayarudishi kilichoharibika. Siku hizi yakiloweshwa leo yanamalizwa leo. Nikijua nitatoka mapema, nayajazia maji baridi safi palepale na kuyaweka kwenye friji, nayanywa nikirudi. Yanatoka mepesi na matamu, bila uchungu wowote.

Sasa hivi nimemimina maji ya saba. Vipunje vilivyokuwa vimefunika sakafu ya buli tu vimejaa hadi vinasukuma kifuniko. Nimetoa jani moja nikalitandaza kwenye sahani: kingo zake zina meno madogo na wekundu hafifu, katikati ni kijani, na limelala bapa, halina mkunjo hata mmoja. Hili sasa naweza kulimwaga.