Kombe mmoja, jenomu mbili: nilivyopata zote

Nilipoanza kuunganisha, kutoka vipande vilivyosomwa na mashine, jenomu ya mitokondria (DNA ya viwanda vya nishati vya seli) ya kombe Ruditapes philippinarum, mnyama wa baharini mwenye magamba mawili, nilidhani ni kazi ndogo: mduara wa besi (herufi za DNA) kama 22,000 tu. Ilinichukua miezi.

Mara ya kwanza nilisaga kombe mzima, nyama na tezi za uzazi pamoja. Programu ya kuunganisha ikanirudishia cox1, mojawapo ya jeni za mitokondria, mara mbili, na nakala hizo mbili zinapishana kila baada ya herufi chache. Mtu aliyenizidi uzoefu akaniambia: "Sampuli imechafuka hiyo, tupa uanze upya." Nikatupa. Nikanunua kemikali nyingine, na hazikuwa za bei rahisi, nikasugua vyombo mpaka mikono ikababuka, nikasaga kombe mwingine. Yakaja yaleyale! Ushauri ule unaniuma hadi leo, maana sampuli haikuwa na kosa lolote. Kombe hawa hurithi mitokondria kwa njia mbili: ya mama huwaendea watoto wote, na ya baba hupita kwenye manii na kudumu kwa watoto wa kiume. Dume mmoja hubeba zote mbili.

Basi nikasubiri msimu wa kuzaana. Nilitoboa tezi kwa sindano, nikaweka tone moja chini ya hadubini. Kama ni jike, unaona mayai ya duara yametulia. Kama ni dume, tone zima linachemka kwa manii. Mayai yakanipa jenomu ya kike peke yake, manii yakanipa ya kiume. Usiguse nyama ya dume, itakurudisha kulekule.

Jenomu ya kike ikaja na nakala mbili za cox2, jeni nyingine ya mitokondria. Nikaambiwa nifute moja, eti programu imejirudia. Safari hii sikukubali. Niliipima kwa PCR (njia ya kunakili kipande cha DNA mara nyingi) kutoka jeni jirani ya upande huu hadi ya upande ule, na kipande kilitoka na urefu wa nakala mbili kamili. Jeni zote za jenomu hii zimepangwa kwenye uzi mmoja kati ya nyuzi mbili za DNA, kwa hiyo ukiona moja imegeuka, rudi ukague uunganishaji wako.

Jeni nyingine, atp8, programu ilidai haipo. Ni fupi mno na imebadilika sana, kuilinganisha herufi kwa herufi hakusaidii. Mimi niliitafuta kwa macho kwenye vipande visivyo na jina, nikifuata mfuatano wa amino asidi (vijenzi vya protini) zinazokimbia maji, na nikaipata.