Diski ya pili kwenye xv6: namba ya kifaa na akiba ya bafa

Kerneli ya Unix haifuatilii diski kwa jina kama /dev/rk0. Jina huishia kwenye i-nodi, yaani rekodi ya faili ndani ya mfumo wa faili. Kutoka hapo inatumika namba. Katika Toleo la 6 la Unix ilikuwa ya biti 16: baiti ya juu ilichagua draiva, ya chini ilichagua kifaa. Kila bafa (nakala ya bloku ya diski iliyowekwa kwenye kumbukumbu) hutambuliwa kwa jozi, yaani namba ya kifaa na namba ya bloku. xv6, mfumo mdogo wa kufundishia wa MIT, imerithi jozi hiyo, ila ina diski moja tu. Hivi ndivyo nilivyoiongezea ya pili, kwenye toleo la RISC-V.

Katika QEMU, programu inayoigiza kompyuta, diski mpya niliiweka virtio-mmio-bus.1: anwani 0x10002000, katizo namba 2. Anwani hiyo iingie kwenye jedwali la kurasa ndani ya kvmmake, la sivyo kerneli inaanguka na scause 0xd (hitilafu ya ukurasa wakati wa kusoma) draiva inapogusa rejista ya kwanza. Katizo liwashwe kwenye plic.c (kidhibiti cha makatizo) na lipokewe na devintr. Ukisahau kuliwasha hupati ujumbe wowote. Mchakato unalala tu ukisubiri diski.

bget, inayotafuta bafa kwenye akiba, sikuigusa, kwani tayari inalinganisha dev na blockno. Tatizo ni virtio_disk_rw, inayosoma na kuandika diski yenyewe: haisomi b->dev hata kidogo. bread(2, 1), yaani kusoma bloku 1 ya diski 2, inakupa bafa tofauti yenye data ya diski ya kwanza! Niligeuza disk kuwa safu ya mbili, kila moja na foleni na kufuli yake, nikachagua kwa b->dev - 1.

Jaribio niliweka ndani ya forkret (ambapo mchakato wa kwanza huanzia), baada ya fsinit inayoandaa mfumo wa faili, maana bread hulala na inahitaji mchakato. Bloku 1 ya diski ya kwanza lazima ianze na 0x10203040. Ya pili nilikuwa nimeijaza 0xAA.

Hatari kubwa iko kwenye logi, inayohifadhi mabadiliko kabla hayajaandikwa mahali pake. Kichwa chake huandika namba ya bloku peke yake, bila kifaa. Ukiita log_write kwa bafa ya diski 2, commit inachukua bloku ya namba hiyo hiyo kutoka diski 1, na mabadiliko yako hayafiki popote. Zaidi ya hapo, bunpin inampunguzia refcnt (hesabu ya wanaoitumia) bafa asiyehusika: brelse (inayoachia bafa) inayofuata inaishusha chini ya sifuri, na kwa kuwa ni uint (namba isiyo na hasi) inakuwa 4294967295. Bafa hiyo hairudi tena, na ile ya diski 2 inabaki imebanwa. Bafa zote ni 30, hivyo "bget: no buffers" haiko mbali. Kwa diski 2 natumia bwrite moja kwa moja, bila kupitia logi.