Bati nusu nyeupe: wiki mbili za kudanganywa na bunduki ya joto

Nimeishinda bunduki ya kupimia joto iliyokuwa ikinidanganya kuhusu paa langu. Naandika mikono ikiwa bado na chokaa, kabla hamu haijapoa.

Nyumba ni yetu ya Nkuhungu, hapa Dodoma, bati la kawaida lisilo na rangi. Juu ya chumba cha watoto nimepaka chokaa, juu ya chumba chetu nimeacha hivyohivyo ili nilinganishe joto. Nilianza mwanzoni mwa Oktoba kwa makusudi, maana siku hizo jua la Dodoma linapita utosini kabisa na paa ndilo linalobeba adhabu yote.

Vyumbani tofauti ilionekana tangu siku ya pili. Saa tisa alasiri chetu nyuzi 37, cha watoto 33. Ila nikipanda ngazi na bunduki ya kupimia joto, mambo yanapinduka: chokaa inasoma 42, bati tupu linasoma 19. Kumi na tisa! Saa saba mchana, Oktoba, Dodoma. Maji ya mtungi yenyewe hayafiki huko.

Nikabadilisha betri. Nikaazima bunduki nyingine kwa fundi wa mafriji, ikaniambia 22. Nikaanza kuamini kwamba chokaa ndiyo inayopasha bati na kwamba mifuko yangu miwili nimeitupa. Mzee wa jirani, amekaa chini ya mwarobaini wake, kila nikipanda ananiuliza: "Baba Neema, mgonjwa anaendeleaje? Homa imeshuka?"

Aliyenitoa gizani ni wingu. Jumanne likapita moja, jua likafifia, na bati tupu likaruka kutoka 19 hadi 34. Kivuli kimekuja, namba imepanda! Nikahamisha ngazi ili bati liangaliane na mwarobaini: 38. Ndipo nikafanya ambacho mtu mwenye akili angekifanya siku ya kwanza, nikaligusa. Kidole kina lengelenge mpaka leo.

Bunduki hizi hazipimi joto lenyewe. Zinapokea mionzi ya joto inayotoka kwenye kitu, kisha zinakisia. Nyingi za bei nafuu zimefungwa kwenye 0.95, yaani zinachukulia kila kitu kinatoa mionzi kama plasta au ngozi ya mtu, na hakuna kitufe cha kubadili. Bati linalong'aa halitoi mionzi kiasi hicho hata kidogo. Kwa bunduki ni kioo cha kujitazamia tu. Siku zote hizo nilikuwa napima ubaridi wa anga. Na ndiyo sababu hiyohiyo bati linachemka: mwanga linarudisha kiasi, lakini joto likishaingia linakosa pa kutokea. Chokaa inarudisha mwanga zaidi, na joto linaloingia inaliachia.

Dawa yake ni kipande cha tepu ya umeme, upana wa vidole viwili, kimebandikwa juu ya bati na kupimwa chenyewe. Nilichagua nyeupe, maana nyeusi ingejipika juani. Leo saa saba: bati 61, chokaa 42. Tofauti 19, namba ileile iliyonidhihaki.

Kwa hiyo bunduki siitupi. Kwa tofali, plasta na mbao ni nzuri mno. Kwa bati, alumini na sufuria, bora kile kipimajoto cha waya chenye ncha ya kugusisha, hata kama ni cha ovyo.

Chokaa yenyewe bado inanisumbua, inabanduka kama magamba ya samaki. Kuna fundi alinishauri nitie chumvi. Kwenye ukuta wa tofali sawa, kwenye bati ni kuita kutu kwa jina lake. Sehemu pekee iliyoshika ni bati mbili nilizosugua kwa siki mpaka mng'ao ukafa, nikasuuza, kisha kwenye ndoo ya chokaa nikachanganya gundi nyeupe ya mbao. Zilizobaki nitarudia kabla ya mvua za Desemba. Mfereji nimeshautenga na tangi. Jaribio la mwaka jana lilitunywesha maji meupe kama tui.

Wiki hii ratiba ilisema nifunge dari chumbani kwetu. Mbao zimelala sebuleni, mama Neema anaziruka kila asubuhi na haniambii kitu, na hiyo ndiyo mbaya zaidi. Sijazigusa, kwa sababu juzi usiku nilielekeza bunduki juu, anga ikiwa safi: -14.

Kama anga letu kavu lina ubaridi wa namna hiyo, kwa nini nisiutumie? Nikachukua sinia, nikaliweka uani juu ya kipande cha godoro, nikamimina maji kina cha kidole. Juu nikafunika nailoni nyembamba, ili maji yasipoe kwa kukauka nikajidanganya tena. Kioo hakifai hapo, kinazuia mionzi ya joto, nailoni inaipitisha. Saa kumi na moja alfajiri hewa ya uani ilikuwa 20, maji 15, kwa kipimajoto cha waya safari hii.

Jana sikupata namba. Kuku alilala juu ya sinia. Usiku huu linapanda paani.